Mikono Uliyopewa Pamoja na Jina

Kasikeu, Jumamosi mchana

Mwaitu,

Nilianza kuandika "Mwanangu mpendwa" kama watu wengine wanavyowaandikia watoto wao, nikaona haya, nikakata. Nikaandika tena, nikakata tena. Tangu siku ulipopewa jina la mama yangu sijawahi kukuita hivyo, na mtu wa umri wangu haanzi mambo mapya kwa siku moja. Kwa hiyo nivumilie. Nitakuita Mwaitu, mama yangu, kama kawaida, tuone tutafika wapi.

Niko buchani. Nimefunga nusu ya mlango ili watu wadhani nyama imekwisha, ingawa paja moja la mbuzi bado linaning'inia hapa mbele yangu na nzi wameshalijua. Nimekimbilia huku kwa sababu nyumbani hakuna hata pa kuweka kiwiko. Mama yako na wenzake wanapika, watu wa kanisa wamejaa uani, na kila anayefika anataka kukushika mkono kwanza kabla ya kushika kikombe cha chai. Nilikuona ulivyoficha mikono yako ndani ya leso. Nilikuona vizuri, halafu nikachukua kofia nikaondoka.

Kesho unapanda basi la asubuhi. Sitakuandikia habari za sanduku, wala wezi wa Nairobi, wala kula vizuri. Hayo mama yako ameyasema mpaka hata kuku wanayajua. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili. Nakuambia mapema nisije nikakudanganya: sina jibu. Nimelitafuta wiki nzima, na kila nilipodhani nimelishika limenitoroka.

Unayakumbuka yote, lakini niache niyaandike, labda nikiyaona kwenye karatasi nitaelewa. Baada ya mahubiri pasta alikuita mbele. Akasema, "Washirika, Mungu ametupatia daktari wetu wenyewe! Si wa kuletewa, ni wa hapa hapa!" Kanisa likapiga makofi. Nyanya mmoja akainuka pale pale akafunua goti. Mwingine akafungua kinywa kukuonyesha jino. Mzee wa duka la mafuta ya taa akauliza kama utakuwa umehitimu kufikia Krismasi, kwa sababu jicho lake haliwezi kungoja zaidi ya hapo. Tulicheka sote, nawe ulicheka. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu la harusi ambalo halifungi tena tumboni, na furaha niliyokuwa nayo ilinifanya nijione mrefu.

Halafu tukiwa njiani kurudi, mama yako ametangulia na wanawake, ukasema, "Baba, nisikilize, usinikatize. Sitaki kutibu watu."

Nikasema, "Sasa unataka kutibu nani, ng'ombe?"

Hukucheka. Ukasema, "Sitaki kutibu mtu yeyote. Nataka kusoma ugonjwa, sitaki kusoma mgonjwa. Pale pale chuoni kuna digrii nyingine, ya sayansi ya tiba. Unakaa maabara, unaangalia damu, unaangalia vijidudu, unatafuta kitu kilianzia wapi. Wiki ya kwanza wanaruhusu mtu abadilishe. Nikiomba watanipa, kwa sababu hii yangu ya udaktari inagombaniwa."

Nikauliza, "Na ukisoma hiyo, wataita mtu daktari?"

"Hapana, Baba. Si daktari yule wanayemtaka."

Kisha ukasimama katikati ya njia ukaniangalia. "Wewe ndiye baba yangu. Niambie nifanye nini. Ukisema udaktari, nitasoma udaktari. Ukisema hiyo nyingine, nitabadilisha. Sema tu."

Nikasema, "Tutaongea." Halafu nikaanza kuzungumza juu ya mvua, kwamba mwaka huu inaonekana itachelewa. Najua ulinikasirikia. Hata mimi nilijikasirikia, na mvua yenyewe sikuwa naifikiria.

Sasa nikueleze kwa nini nilinyamaza. Wewe umezaliwa ndani ya jambo hili, kwa hiyo labda hujawahi kuliona kwa nje. Mama yangu, Mbithe, alikufa wakati mimba yako ikiwa changa. Ulipozaliwa hatukukaa kufikiria jina. Jina lilikuwa linakungoja. Kutoka siku hiyo wewe ni mama yangu, na mimi ni mtoto wako, na Kasikeu yote ikalipokea hivyo. Ulipokuwa unajifunza kutembea wateja walikuwa wanakushitakia mimi. "Mbithe, mwanao leo ametuuzia mifupa mitupu. Mbithe, mwanao amepunja mizani." Nawe ulikuwa unakunja uso unanifokea kwa maneno yasiyoeleweka, na watu wanacheka mpaka wanasahau nyama. Nilipenda sana utani ule. Mama yangu alikuwa amekufa na bado kila jioni alikuwa ananingoja mlangoni akiwa na makamasi.

Lakini angalia ulivyonifunga. Ndugu zako nimewachapa, nimewatuma, nimewaambia wafanye hili na lile. Wewe sijakuinulia hata kijiti. Ulipokataa kwenda kulima nilisema, "Mwaitu amechoka." Ulipotaka kusoma mpaka kidato cha sita wakati wenzako wanaolewa, wajomba walikuja kunisema, nami nikawajibu kwamba sijui mtu anayemkataza mama yake. Mambo yote makubwa ya maisha yako nilikuachia wewe, na nikajiona baba mwenye heshima. Sasa kwa mara ya kwanza umetaka nikuambie la kufanya, na nimetafuta ile sauti ya baba nimeikosa.

Na kuna mikono.

Mama yangu alikuwa mkunga. Hakusomea popote. Watu walikuwa wanamfuata hata kutoka ng'ambo ya mto, na alipomaliza walikuwa hawamtaji yeye, walikuwa wanataja mikono yake. Mikono ya Mbithe. Alikuwa akiweka kiganja juu ya tumbo anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya, halafu anasema mtoto amelala vipi. Mimi mwanawe sikuwahi kujua alichokuwa anasikia. Nilimuuliza siku moja, akaniambia, "Kaa kimya, wewe utakuwa mwanamume." Basi jibu nililopata ni hilo.

Nafika kwenye siku ile ya Kamene. Sijui niiandikeje, kwa sababu mpaka Jumapili nilikuwa na siku moja kichwani, na wewe ukanipa nyingine.

Ulikuwa darasa la sita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana, mto umejaa, gari haliwezi kwenda hospitali na yule mkunga wa zahanati amekwama upande wa pili. Wanawake wa mwethya, kile kikundi chao cha kulima matuta kwa zamu, siku hiyo zamu ilikuwa shambani kwa Kamene. Kamene alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto haji. Wakaja hapa buchani wakiwa na matope mpaka magotini, na majembe bado begani. Aliyekuwa mbele akasema, "Musyoki, tupe Mbithe."

Nikasema, "Mbithe alikufa."

Akasema, "Tupe aliyeko."

Ulikuwa umetoka shule, umekaa pale kwenye gogo unakula mhogo. Mimi ni mzee wa kanisa, Mwaitu. Nilijua pasta angesema nini. Lakini nilipowaangalia wale wanawake, na nilipokuangalia wewe, sikuweza kusema kwamba wewe si yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia kila siku kwamba wewe ni yeye. Nikasema, "Mwaitu, nenda nao." Nikafuata nyuma na aproni yangu ya damu.

Mimi na mume wa Kamene tulisimama nje chini ya paa tukinyeshewa nusu. Wakakupaka mafuta mikononi wakakuingiza. Nilisikia wakiimba. Baadaye, jua likiwa limetoka kidogo, nikasikia mtoto akilia, na vigelegele, na mume wa Kamene akanikumbatia mpaka aproni ikamchafua. Ukatoka. Ukaenda nyuma ya ghala ukatapika. Nilidhani ni uchovu. Nikakubeba mabegani, msichana mkubwa vile, nikaimba njia nzima mpaka nyumbani. Ulikuwa unatikisika huko juu na mimi nilidhani unacheka.

Jumapili, baada ya habari zangu za mvua, ndipo ukaniambia. "Sikuwa nacheka. Baba, siku ile sikufanya kitu. Waliniweka mikono juu ya tumbo la mtu nikasikia joto na jasho tu. Alikuwa ananiangalia. Alikuwa anafikiri mimi najua. Niliomba Mungu nipate njia ya kutoroka, na nikaona kama akifa nitakuwa nimemuua mimi. Halafu mtoto akaja mwenyewe, mkasema ni mimi. Kila mtu anayenipa mkono tangu siku ile nahisi ninamdanganya."

Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa na siku moja ya furaha kuliko zote, na wewe ulikuwa juu ya mabega yangu ukiilia. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nikikumbuka ule wimbo sasa nahisi haya, halafu nikikumbuka sauti ya yule mtoto nafurahi tena, halafu narudi kwenye haya. Na nikuambie kitu kibaya zaidi: hata baada ya kuniambia, kuna sehemu yangu inayosema labda mikono ilifanya kazi bila wewe kujua. Pasta asisome hapa. Najua ni upumbavu. Lakini mama yangu naye hakuwahi kusema anasikia nini.

Wiki hii nimezunguka nikiuliza watu, bila kutaja jina lako, ingawa katika Kasikeu nzima ni nani mwingine ningekuwa nauliza habari zake. Nilimwuliza pasta kama kuna tofauti kati ya kusoma udaktari na kusoma sayansi ya magonjwa. Akasema zote ni kazi ya Bwana, halafu akaniuliza mgongo wake utakuwa chini ya ipi. Nikamwendea hedimasta. Huyo alishika kichwa kabisa. "Mzee, with those marks? Alama zote zile? Medicine inaachwa na nani? Hata sisi walimu tutaonekana wajinga!" Nikamwuliza basi ile nyingine inafundisha nini. Akasema ni nzuri pia, lakini ni ya wale waliokosa. Nikamwuliza waliokosa nini. Akasema, "Waliokosa Medicine." Tukazunguka hapo kama ng'ombe wa kukanyaga udongo wa matofali.

Yule mkaguzi wa nyama nilimngoja machinjioni asubuhi. Nilidhani yeye, kwa kuwa anapasua maini na kuangalia ndani, ataniambia. Akasikiliza mpaka mwisho huku anafuta kisu. Akasema, "Mimi nilitaka kuwa rubani." Akapiga muhuri wake wa zambarau akapanda baiskeli.

Nikabaki na yale niliyoyaona mimi mwenyewe, nayo hayakubaliani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja machinjioni kabla ya shule unasimama karibu na huyo mkaguzi mpaka anakukanyaga. Siku moja alikuta minyoo bapa kwenye ini la ng'ombe wa maziwa, ng'ombe mnene, anayeng'aa. Watoto wengine walikimbia. Wewe uliuliza, "Alianza kuumwa lini na hakuna aliyejua?" Mkaguzi akakupa mmoja ndani ya chupa. Uliiweka chini ya kitanda ukawa unaiangalia kila jioni na taa, mpaka harufu ilipomfikia mama yako akaitupa chooni, ukalia kama umefiwa. Nikikumbuka hiyo nasema, mpeni huyu mtoto darubini yake, mwacheni.

Halafu nakumbuka yule mlevi wa Krismasi aliyejikata na shoka langu akijaribu kunionyesha jinsi ya kupasua mfupa. Damu ilijaa kaunta. Mimi, mtu wa damu kila siku, nilirudi nyuma mpaka ukutani. Wewe ulirarua ile aproni, ukamfunga, ukamshika mkono juu, na wakati wote ulikuwa unamsema, "Mzee, shika vizuri, hii si nyama ya kuuza." Alikuwa anacheka huku analia. Hukuogopa macho yake. Sasa mtu kama huyo anaponiambia hawezi kukaa na mgonjwa, nimwamini yeye au niamini macho yangu?

Na kuna mimi pia, ambaye si shahidi mzuri. Unajua kwamba nilipokuwa kijana watu walinipeleka hospitali ya misheni nikajifunze kazi ya dresa, ya kufunga vidonda, kwa sababu nilikuwa mtoto wa Mbithe. Ulikuwa wakati ule baada ya Uhuru, kazi zilikuwa nyingi na waliosoma wachache, na mtu aliyejua kuandika jina lake alionekana profesa. Huwa nasema nilirudi kwa sababu ya chakula. Si chakula. Kulikuwa na mzee mmoja wodini, mguu wake umeoza, na kila nilipopita alikuwa ananiambia, "Mwana wa Mbithe, umefika, sasa nitapona." Nilikuwa nabadilisha bandeji tu. Siku alipokufa niliambiwa nisafishe kitanda. Nilikisafisha, nikakunja yunifomu, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mama yangu hakunisema. Aliniangalia mikono kidogo, akanipa uji.

Baadaye nikawa mchinjaji. Mbuzi hakushukuru wala hakutegemei. Nimeishi vizuri, nimewasomesha, sijutii. Lakini Jumapili uliposema Kamene alikuwa anakuangalia akifikiri unajua, nilimwona yule mzee wa mguu kama yuko pale njiani. Ndiyo sababu nasema mimi si shahidi mzuri. Nikikuambia badilisha, sijui kama ni wewe ninakuokoa au ni yule kijana aliyekunja yunifomu ninamtafutia udhuru. Nikikuambia kaa kwenye udaktari, sijui kama ni kwa ajili yako au ni kwa ajili ya koti langu na yale makofi. Nilidhani mtu akizeeka mambo haya yanajipanga. Hayajajipanga.

Nilikuwa nimefika hapo, Mwaitu, wakati mlango ulipogongwa. Nimelazimika kuacha, na sasa nimerudi.

Alikuwa Kamene mwenyewe. "Wewe Musyoki, fungua, najua uko ndani. Naona viatu." Nikafungua. Akaingia, akaangalia paja la mbuzi, akaangalia karatasi, akasema, "Unaandikia serikali?"

Nikasema ninapiga hesabu. Akakaa kwenye gogo, pale pale ulipokuwa unakula mhogo.

"Nimekuja na kashida kadogo," akasema. "Unajua huyu Mukami wa dada yangu. Mimba ya kwanza, na ako na uoga mbaya, halali. Sasa kesho tutamleta hapo steji mapema. Mbithe amguse tu. Dakika moja, halafu aende zake Nairobi. Tukingoja arudi akiwa daktari, huyu atakuwa amezaa kitambo."

Nikasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hatamgusa."

"Asi! Musyoki! Si mama yako alikuwa anagusa watu hata akiwa na homa? Leo anakataa nini?"

Na mimi, bila kupanga, maana kama ningepanga ningezungumzia mvua, nikasema, "Aliyekuwa anagusa watu ni mama yangu. Alikufa, tukamzika, wewe mwenyewe ulibeba maji ya msiba. Huyu anayesafiri kesho ni mtoto wangu."

Nilisikia neno limetoka. Mtoto wangu. Lilikaa pale buchani kati yetu na hakuna aliyelijua vizuri. Kamene akauliza kama nimekasirika. Nikasema sijakasirika, nikasema Jumatatu mimi mwenyewe nitampeleka Mukami zahanati na ile pikapu ya kubebea nyama, nitaiosha kwanza, na nitakaa naye foleni mpaka aonwe.

Akasema pole pole, "Na Mutanu wangu je? Siku ile mto umejaa. Si ni mikono ya Mbithe ilimtoa?"

Huyo Mutanu ndiye yule mtoto wa siku ile. Unamjua, kila asubuhi anapita hapa akienda shule, soksi moja juu, moja chini, na ameambiwa tangu azaliwe kwamba yeye ni wako.

Nikasema, "Kamene, ulimzaa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Siku mbili za uchungu, mvua, hakuna daktari. Mtoto wangu alikuwa darasa la sita, alikuwa ameogopa kuliko wewe. Mtoto ulimzaa wewe."

Kamene akashika ukingo wa leso yake akaukunja, akaukunjua. Nilidhani atanitukana. Nikaona machozi, na mimi sijui la kufanya na machozi ya mwanamke ambaye si mke wangu, nikachukua kisu nikaanza kukata paja la mbuzi bila kuambiwa. Kisha akasema, "Unajua, hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo. Hata mume wangu. Wote waliimba Mbithe." Akajipangusa. "Na mimi nilisukuma huyo mtoto, Musyoki! Nilisukuma mpaka nikaona nyota!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka nami nikacheka. Akaondoka na nyama bila kuuliza bei, na amekwenda na kichwa juu.

Kwa hiyo nimesema. Ilikuwa lazima niseme kwa Kamene kwanza ndipo niweze kukuambia wewe, na hilo nalo silielewi.

Sasa swali lako. Kama unataka tu kujua moyo wangu, ninapenda uwe daktari. Nimekuambia sababu zangu, nazo hazikuhusu, ziache hapa buchani na nzi. Kama unataka nikuambie ufanye nini, nimeshindwa, na si kwa sababu wewe ni mama yangu. Ni kwa sababu sijui, na baba anaruhusiwa kutojua. Kaa wiki ile ya kwanza. Ingia kwenye maabara yao uone kama bado unauliza lile swali la ng'ombe. Ingia wodini, kama wataruhusu, umwangalie mgonjwa mmoja ambaye hajawahi kusikia Kasikeu, asiyejua nyanya yako alikuwa nani, na uone kama bado unataka kutoroka. Ukitaka kutoroka, toroka. Mimi nilitembea kwa miguu na nilipofika nilipewa uji, na wewe utapewa. Ukitaka kubaki, baki ukiwa na mikono yako isiyojua kitu, ifundishwe pole pole kama mikono ya watu wengine.

Pasta na goti la yule nyanya na jicho la mafuta ya taa niachie mimi. Nitawaambia. Watanuna mpaka mavuno, halafu watahitaji nyama.

Jina sikuondolei. Ni lako, na ninampenda aliyekuwa nalo kabla yako. Lakini kazi yake aliimaliza.

Nitampa mama yako barua hii aiweke juu kabisa ya sanduku, kwa sababu nikikupa mwenyewe nitaanza tena habari za mvua. Kesho stejini watakuwepo watu wengi, na huenda Mukami akaja, maana Kamene ana mdomo na hawezi kumzuia kila mtu. Ukimwona amesimama upande wa pili wa barabara na tumbo lake, usijifiche nyuma ya mama yako, wala usiingize mikono kwenye leso. Nitakuwa nimesimama kati yake na wewe. Panda basi, kaa dirishani, utoe mkono nje umpungie, kama msichana yeyote anayekwenda shule.

Nenda salama, mwanangu.

Baba yako,
Musyoki